Faida Isiyoandikwa Katika Daftari
Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kilele cha sherehe za kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji,
Ndugu Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata,
Walimu wetu,
Wageni waalikwa,
Akina mama wenzetu,
Mabibi na mabwana,

  

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima tukafika siku ya leo. Tunawakumbuka pia wenzetu wawili tuliokuwa nao siku ya kwanza chini ya mwembe, na ambao wametangulia mbele ya haki. Mungu awalaze mahali pema.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, habari za hisa, mikopo na marejesho zimo katika taarifa ya Mweka Hazina, humu humu ndani ya kijitabu. Sisi hatutazirudia. Tutasema kwa kifupi tu kwamba tulianza mwaka 2015 tukiwa wanawake 14, hisa moja shilingi 1,000, na leo tuko 31. Tulikuwa na sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo zake zilikaa kwa watu watatu, ili mmoja akiingiwa na tamaa wawili wamzuie. Haba na haba hujaza kibaba, na kweli kibaba kimejaa.

Lakini tulipokaa kamati kupanga hotuba hii, tuliulizana: katika miaka 10 hii, ni faida gani ambayo hakuna mtu anayeweza kuja kutunyang'anya? Mmoja akataja mabati. Mwingine akataja cherehani. Mwenzetu mmoja ambaye huwa hasemi sana, akasema, "Mjukuu wangu anavyosema." Tukanyamaza wote. Basi ndiyo tunayotaka kuisema leo: habari ya vitabu vya picha, na jinsi watoto wetu wadogo walivyofunguka ulimi.

JINSI JAMBO LILIVYOANZA

Ilikuwa mwaka 2018, Jumamosi, siku ya kikao. Binti wa mwenzetu mmoja ni mwalimu wa darasa la awali. Siku hiyo alikuja kumwona mama yake, akaomba ruhusa aseme neno. Tukampa.

Akatuambia, "Shikamooni mama zangu. Watoto mnaoniletea wakiwa na miaka mitano wana adabu, ni wasafi, lakini wengi hawasemi. Nikimwuliza mtoto jana ulifanya nini, anainamisha kichwa. Kutii anajua, kueleza hawezi." Halafu akatuuliza swali ambalo hatujalisahau. "Leo asubuhi, kabla hamjaja hapa, mmewaambia nini watoto?"

Tukaanza kuyataja maneno yenyewe, kila mtu ya kwake. Amka. Nawa uso. Kunywa uji. Usimwage. Acha hiyo. Nenda kwa bibi. Tulipomaliza kuzunguka duara zima tukaona, jamani, kumbe zote zilikuwa amri! Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwuliza mtoto jambo, akangoja ajibu.

Hatukuwa mama wabaya. Tulikuwa mama wenye haraka. Huku kwetu Muheza msimu wa machungwa mtu anaamka saa kumi alfajiri, na mwenye kukaanga vitumbua anaamka mapema kuliko huyo. Tena sisi tumelelewa hivyo. Mtoto hazungumzi mbele ya wakubwa, anaagizwa, anakwenda.

Mwalimu akapendekeza tununue vitabu vya picha vya watoto wadogo, visivyo na maneno mengi, tuwe tunaazimana. Hapo kikao kikachafuka. Wengine walisema mtoto hata kusema hajui, kitabu cha nini? Wengine walisema mfuko wa jamii ni wa ugonjwa na misiba, si wa makaratasi. Na ukweli usemwe, sisi viongozi tulikuwa upande wa wanaokataa. Tuliona ni mambo ya watu wa mjini.

Wiki ile ile mwenzetu mmoja akalazwa, na mfuko wa jamii ukamsaidia. Tukaona waliokataa kuugusa mfuko walikuwa na haki. Lakini swali la yule binti lilikuwa limetuchoma. Tukaamua kwa kauli moja kwamba mfuko hautaguswa. Wakati huo tulikuwa 22. Kila mmoja akatoa shilingi 500 kila kikao kwa vikao sita, tukapata shilingi 66,000. Tukanunua vitabu 12 vya Kiswahili. Hapo ndipo tulipojua kwamba nchi hii ina vitabu vya watoto vilivyoandikwa na Watanzania wenyewe, na kwamba kuna Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa tangu mwaka 1991 kwa kazi hiyo hiyo. Miaka yote hiyo sisi hatukuwa na habari.

TULIVYOKOSEA KWANZA

Wengi wetu ni watoto wa UPE. Tuliingia shule baada ya mwaka 1977, tukamaliza darasa la saba, basi. Kusoma tulikofundishwa sisi ni kuitikia: mwalimu anasema, darasa zima linarudia. Kwa hiyo tulipopata vitabu tulifanya vile vile. Mtoto akae chini, anyamaze, mama asome kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mtoto akigusa picha, anapigwa kofi la mkono. Akifunua ukurasa kabla ya wakati, anaambiwa tulia.

Baada ya wiki mbili watoto wakawa wakiona kitabu wanakimbia. Tukamrudia mwalimu tukamwambia, "Mwanetu, vitabu vyako vimeshindwa." Akacheka. Akasema, "Mama zangu, mmesoma ninyi. Mtoto ndiye anayetakiwa aseme."

Akachukua mtoto mmoja pale pale, wa miaka miwili na nusu, akampakata, kitabu akakiweka mbele ya mtoto na siyo mbele yake yeye. Akamwacha afunue mwenyewe. Mtoto akafika penye kuku.

"Hiki nini?"
"Kuku."
"Ndiyo, kuku! Kuku mwekundu. Anafanya nini kuku?"
Mtoto kimya. Mwalimu naye kimya. Sisi tukataka kumjibia mtoto, mwalimu akatuzuia kwa mkono. Tukangoja. Ilikuwa kama muda mrefu sana.
"Anakula."
"Eeh, anakula. Kuku mwekundu anadonoa mahindi. Hebu sema nawe: anadonoa mahindi."
"Anadonoa mahindi."
"Na kuku wa bibi huwa anadonoa nini?"

Hapo mtoto akaanza kueleza habari za kuku wa bibi, nusu ikieleweka nusu haieleweki, na hatukuweza kumnyamazisha mpaka kikao kimekwisha.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo, wala haina siri nyingine. Ina hatua nne. Unamwuliza mtoto. Unalipokea jibu lake, kama ni sawa unamsifu, kama si sawa unamwelekeza kwa upole. Unaliongeza jibu lake neno moja au mawili. Halafu unampa nafasi alirudie lile refu. Yeye amekupa kuku, wewe unamrudishia kuku mwekundu anayedonoa mahindi. Ni kama hisa, akina mama: anaweka neno moja, analichukua likiwa limezaa.

Maswali nayo yana umri wake. Mtoto wa miaka miwili mwulize majina: nini hiki, nani huyu. Wa miaka mitatu mwulize anafanya nini, yuko wapi, ana rangi gani. Wa minne na mitano mwulize kwa nini analia, sasa itakuwaje, wewe ungefanyaje, siku ile tulipokwenda mnadani uliona mbuzi kama huyu? Swali la kujibiwa ndiyo au hapana halimfundishi mtoto kitu, maana atajibu ndiyo akaendelea na mambo yake.

Tulijifunza na jambo la lugha yetu. Mtoto husema, "Kikombe imevunjika." Zamani tungemcheka, au tungemkaripia. Sasa tunamjibu tu, "Eeh, kikombe kimevunjika. Nani amekivunja?" Hapo amesikia kimevunjika na amekivunja, bila kuaibishwa. Unaendelea hivyo siku kwa siku. Siku moja utamsikia mwenyewe anasema kikombe kimevunjika, wala hukumbuki ulimfundisha lini.

SI MANENO YETU TU

Ndugu wageni waalikwa, msije mkadhani haya ni mawazo ya wanawake wa kijijini. Mwalimu alitusomea na kutueleza kwamba jambo hili limepimwa.

Huko Marekani, katika jimbo la New York, mtaalamu anayeitwa Grover Whitehurst na wenzake walitangaza matokeo yao mwaka 1988. Walichukua watoto wa karibu miaka miwili hadi mitatu, wakawagawa makundi mawili. Wazazi wa makundi yote mawili walikuwa wakiwasomea watoto nyumbani kiasi kile kile. Tofauti ilikuwa moja tu: kundi moja wazazi walifundishwa kuuliza, kungoja na kuongeza jibu la mtoto. Baada ya mwezi mmoja, watoto wa kundi hilo walipopimwa kusema waliwazidi wenzao kwa kiasi cha miezi 6 hadi 8 na nusu. Kwa hiyo si wingi wa kusoma, ni namna ya kusoma.

Wengine watasema hao ni Wazungu. Haya, twendeni Afrika. Katika kitongoji cha Khayelitsha, Cape Town, akina mama wa hali ya chini walifundishwa kuangalia vitabu pamoja na watoto wao waliokuwa na mwaka mmoja na miezi michache tu. Matokeo yalitolewa mwaka 2015: watoto wale walisonga mbele kwa lugha, na hata kwa kutulia na kuzingatia jambo.

Tena kuna ya jirani zetu kabisa. Katika vijiji vya magharibi mwa Kenya familia zilipewa vitabu vya hadithi vinavyolingana na maisha na lugha ya watu wa huko, na walezi wakafundishwa njia hii. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Watoto ambao walezi wao walifundishwa walipata maneno zaidi, hasa yale yaliyomo katika vitabu hivyo. Na sikilizeni hapa, akina mama: watoto wa walezi wasiojua kusoma kabisa walinufaika sawa na watoto wa wanaojua, kama si zaidi.

Mwalimu alipotusomea pale, kuna mwenzetu alitoka nje. Tukadhani amekasirika. Kumbe alikuwa anafuta machozi. Yeye hajui kusoma, na alikuwa na mpango wa kujitoa katika zamu ya vitabu ili asiaibike.

BIBI NA MJUKUU WAKE

Tunaomba tuwaeleze habari ya mwenzetu huyo, kwa ruhusa yake. Jina hatulitaji, ingawa yupo hapa na mtamtambua kwa vigelegele.

Alikuwa analea mjukuu wa kiume, miaka mitatu, mama yake akiwa kazini mbali. Mtoto alikuwa hasemi. Alikuwa anaonyesha kwa kidole na kuvuta nguo. Sisi wote tulikuwa na la kusema. Mmoja alisema amefuata ukimya wa babu yake. Mwingine alisema wavulana huchelewa, atasema tu. Na wapo kati yetu waliomwita bubu, kwa utani, mbele ya bibi yake. Tulishamwomba radhi, na leo mbele ya wageni tunamwomba tena.

Bibi akachukua kitabu. Maneno hakuyajua, lakini picha ni picha. Alimwuliza mjukuu kwa Kiswahili, na Kiswahili kikimwishia anaendelea kwa Kibondei chake, maana mwalimu alituambia tuzungumze na mtoto kwa lugha tunayoijua vizuri. Kila jioni, kabla giza halijaingia, dakika 10 hivi.

Baada ya kama wiki tatu akasimama katika kikao, akasema, "Nina jambo. Nikikaa naye tumeelekeana, anaangalia mdomo wangu, na anajaribu. Nikimpakata, mimi nikiwa nyuma yake, nikamwuliza, hata hageuki. Mtoto huyu simwoni mkaidi. Naona hanisikii."

Ndugu zangu, miaka mitatu sisi tulikuwa tunaingia na kutoka katika nyumba ile, hatukuliona jambo hilo. Mtu akimwita mtoto kwa sauti kubwa kutoka mlangoni, mtoto anaona kivuli, anageuka, basi tunasema anasikia. Ilibidi mtu akae naye kimya, uso kwa uso, amwulize na kungoja, ndipo ijulikane.

Safari hii mfuko wa jamii ulifanya kazi yake. Ukatoa nauli na gharama, wakaenda hospitali. Mtoto alikuwa na ugonjwa wa masikio wa muda mrefu. Alikuwa akitoka usaha mara kwa mara, na sisi tulizoea kumpangusa na kuendelea. Akatibiwa, akarudi tena, akatibiwa tena. Sikio moja lilipata nafuu nzuri. La pili daktari alisema usikivu wake umepungua.

Hatusemi kwamba kitabu kilimponya. Waliomponya ni waganga na dawa. Lakini kitabu ndicho kilichomkalisha bibi mbele ya mjukuu wake mpaka akamwona. Na baada ya matibabu, kitabu ndicho kilichomrudishia maneno, moja moja, kuku, kikombe, mbuzi. Leo yuko darasa la tatu. Maneno mengine bado hayatoki sawasawa, na hukaa dawati la mbele ili asikie vizuri. Lakini anasema, na akianza kueleza jambo hamalizi.

Jioni ya siku aliyoeleza bibi, mwenzetu mwingine alikaa baada ya kikao, akatuambia kwamba binti yake alikuwa hivyo hivyo miaka mingi iliyopita, naye aliambiwa atasema tu, akangoja. Hakuongeza neno, wala sisi hatukumwuliza. Ndiyo maana tunawaomba: mtoto asiyegeuka akiitwa, au aliyetimiza miaka miwili na bado haungi maneno mawili, apelekwe kituo cha afya. Msingoje kama tulivyongoja sisi.

YALIYOTUSHINDA NA YALIYOTUFAA

Tusije tukawadanganya kwamba mambo yote yalikwenda barabara. Kati ya vile vitabu 12, kimoja kililiwa na mbuzi, viwili viliingia kwenye uji, na kimoja mpaka leo hakijulikani kilipo, ingawa faini ya shilingi 200 imeandikwa katika katiba. Mwaka 2020 tulisimama kuazimana kwa miezi kadhaa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Akina baba walichelewa kuingia katika shughuli hii. Mmoja alisema yeye si yaya. Siku hizi ndiye anayekuja mwenyewe kubadilisha kitabu.

Yaliyotufaa ni haya. Tulipohamishia fedha zetu benki, lile sanduku la kufuli tatu tulilifanya maktaba. Limo vitabu 40 sasa, na kufuli ni moja tu.

Asiye na kitabu tulimfundisha atumie alichonacho. Kalenda ya ukutani ina picha. Albamu ya harusi ina picha, mwulize mtoto huyu nani, amevaa nini, kwa nini anacheka. Kanga yako mwenyewe ina maua, ina korosho, ina kuku. Mkalishe mtoto uitandaze.

Na muda, tulikubaliana dakika 10 tu, uji unapopoa au jioni kabla ya taa. Asiyepata dakika 10 kwa siku, apate siku tatu kwa wiki. Mtoto akichoka, acha, usimfanyie mtihani.

MAOMBI YETU

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwezi wa Desemba mwaka 2021 Serikali yetu ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa ajili ya watoto tangu kuzaliwa mpaka miaka minane. Tuliifurahia sana. Ombi letu si kubwa. Tunaomba siku za kliniki ya watoto, akina mama wanapongoja foleni na vitoto vyao, pawepo japo vitabu viwili vitatu vya picha, na sisi tutatoa mtu wa zamu wa kuwaonyesha njia hii. Vitabu vya kuanzia tutavitoa katika sanduku letu wenyewe.

Kwenu akina mama wenzetu, hasa mliojiunga mwaka huu: mtu asikwambie kwamba kwa kuwa uliishia darasa la saba, au la nne, au hukwenda kabisa, huna la kumpa mtoto kabla hajafika kwa mwalimu. Unalo. Una ulimi, una lugha, una magoti ya kumpakatia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi leo mkirudi nyumbani, mmechoka na sherehe, msimwulize mtoto kama amelala au amekula tu. Chukueni kijitabu hiki hiki, maana kina picha zetu. Mwonyesheni ukurasa wenye picha ya kikundi, mwulizeni, "Huyu nani? Anafanya nini?"

Halafu mngojeeni ajibu.